Kiganja kwenye lenzi: yaliyonikuta Jumamosi ile kwenye ukumbi wa dansi

Jamani naandika hii bado hasira ninazo, ingawa imeshapita kama wiki tatu hivi, labda mwezi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wana hela, ukumbi umejaa mpaka nje. Jina la ukumbi siliweki, ni wa hapa hapa Dar na una bendi ya dansi kila Jumamosi. Bendi nayo siitaji, wao hawana kosa lolote, tena wao ndio sababu ya mimi kwenda.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nina kazi yangu nyingine kabisa, hii ya kupiga picha bendi ni mapenzi tu, miaka yote hii sijauza hata picha moja. Nilianza kwa uchungu kwa kweli. Mzee Muhidini Gurumo alivyofariki 2014 nikakumbuka mara ngapi nimekaa mbele yake namsikiliza, mtu aliyeimba tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz, akaja kuwa nguzo ya bendi ya Sikinde, na mimi sina hata picha yake moja niliyoipiga kwa mkono wangu. Linaniuma mpaka leo. Basi nikajinunulia kamera ya mtumba, nikaanza kuzunguka kwenye kumbi. Na ninaowatafuta zaidi ni wapulizaji, tarumbeta na saksafoni, maana bendi nyingi siku hizi zimewaacha, kinanda kinaigiza sauti zao na maisha yanaendelea. Ukikuta bendi ina wapulizaji watatu wamesimama mstari mmoja, hiyo usiku huo usilale.

Na hii bendi inao watatu.

Sasa kwa utaratibu nilifanya kila kitu. Siku mbili kabla nikapiga namba iliyo kwenye bango, akapokea dada mmoja sauti ya upole, nikamuuliza dada samahani, naruhusiwa kuja na kamera, si ya simu, kamera yenyewe? Akaniambia njoo tu kaka, hamna shida. Getini wakafungua begi, wakaiona kamera na lenzi zote mbili, wakafunga begi, nikalipa elfu kumi yangu nikaingia. Mpaka hapo hawa watu nilikuwa nawapa maksi zote.

Na niseme ukweli wangu, sauti ya pale ni nzuri. Besi haikoromi, solo unaisikia kila kamba, ukikaa karibu na tumba unazisikia kifuani. Chakula sawa, choo sawa. Taa ndiyo shida, wameweka zile LED za bei rahisi zinazowaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, we unaona taa imetulia lakini ukipiga kwa spidi kubwa kama 1/500 ya sekunde picha inatoka na mistari myeusi imekatiza uso wa mtu. Nikashuka mpaka 1/100 ndio mistari ikapotea, ila hapo sasa mtu akicheza kidogo tu anatoka na ukungu, kwa hiyo unasubiri ile nukta anayotulia. Halafu wanapenda taa nyekundu. Nyekundu inaua picha, sura ya mtu inageuka kama imepakwa rangi moja, mikunjo yote ya uso inapotea. Ukishajua hayo unavumilia, unasubiri nyeupe ije.

Nilimsubiri mzee mmoja wa tarumbeta, yule wa mwisho kushoto. Kati ya wimbo na wimbo anafungua kale kakifungulio ka chini ya tarumbeta, anapuliza maji yatoke, anakung'uta sakafuni, halafu anafuta mdomo wa chombo kwa pindo la shati. Kila mara hivyo hivyo, taratibu kama mtu anayejiandaa kwa swala. Nikampiga akikung'uta, mara moja tu, taa ilikuwa nyeupe. Nikajua sasa kinachobaki ni chemko, kwa sababu wimbo wa dansi unaanza pole, mashairi yanaimbwa yanaisha, halafu gitaa linageuka, wapulizaji wanasimama pamoja, na hapo ndipo nyuso zinapobadilika. Unaweza kusubiri dakika nane kwa ajili ya dakika moja.

Ikafika. Wakanyanyua vyombo wote watatu, taa ikageuka nyeupe (nilikuwa nimeisubiri nusu saa nzima hiyo nyeupe), mzee amefumba macho, mashavu yamejaa, mshipa wa shingo umesimama, nikabana pumzi nikabonyeza.

Mkono ukaja. Hakuniita, hakunigusa bega, hakusema kaka samahani. Kiganja kizima, kina mafuta ya nyama choma, kikatua kwenye kioo cha lenzi yangu. Baunsa. Ananiambia "we nani kakuruhusu?" huku anavuta mkanda wa kamera na mkanda uko shingoni kwangu! Nikamwambia kaka nilipiga simu nikaruhusiwa, getini mmeiona, akasema kamera za hivi zinalipiwa elfu hamsini. Kiingilio elfu kumi, kamera elfu hamsini, na hakuna mahali popote palipoandikwa. Nikaomba kuonana na mkubwa wake, akaja supavaiza anachezea simu, hata usoni hakunitazama, kazi yake ilikuwa kusema "bosi hiyo kamera ya biashara" na kurudi alikotoka. Na wakati huo huo, nawaapia, pembeni yangu kuna watu wasiopungua ishirini wamenyanyua simu, mmoja yuko laivu na taa ya simu ameiwasha anawamulika waimbaji machoni. Mimi tangu nianze sijawahi kuwasha flashi mbele ya bendi. Hata mara moja. Ngome Kongwe kule Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara nimepiga nikiwa kwenye umati kama watu wengine na hakuna aliyenigusa.

Wakaichukua, wakaiweka chini ya kaunta ndani ya kreti la soda. Kreti la soda! Nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa tisa usiku nasikiliza muziki mzuri vile na siwezi hata kutingisha mguu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya fundi sauti. Kama unaenda kucheza tu na mwenzio sawa, nenda, utafurahi, siwezi kukudanganya. Lakini mwenye kamera usiende, au nenda na hiyo ruhusa ukiwa nayo kwa maandishi, hapana, usiende kabisa, mtu anayeshika kioo cha lenzi kwa mkono wa mafuta hawezi kuheshimu karatasi. Nimekifuta kile kioo mara tatu nyumbani na bado kwenye mwanga wa dirisha nakiona kile kiganja.

Sasa nikiwa pale kaunta nadai kamera yangu, nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yule mzee, tarumbeta imo kwenye kasha lake. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, nilikuona pale chini, mbona ukapotea?" Nikamweleza. Ya baunsa hakuyajibu, akasema nionyeshe. Wakanirudishia kamera, nikaiwasha. Picha ya mwisho kwenye kadi ni nyeusi tupu, kwenye kona tu kuna mwanga kidogo umepenya katikati ya vidole. Nikaona aibu nikarudi nyuma moja, ile ya kukung'uta maji. Matone yanaonekana hewani, manne, na yeye anayatazama.

Akaishika kamera kwa mikono miwili, akakaa nayo muda. Akasema tangu aanze kupuliza watu wanampiga mwimbaji tu, akitokea yeye ni nusu ya bega. Akaniomba nimsafishie moja, kubwa, ya ukutani.

Nimeshaisafisha, iko kwenye bahasha ya kaki hapa mezani. Namba aliyonipa nimepiga wiki nzima haipatikani, na mahali pekee ninapojua atakuwepo ni pale pale, Jumamosi, mwisho kushoto. Nitalipa elfu kumi yangu. Na kamera naenda nayo.