Tahadhari: Vihisi vya BMP280 vinauzwa Kisumu kwa jina la BME280

Ninawaandikia wenzangu wa Kisumu, Kakamega na Busia wanaotumia MicroPython (lugha ya kuandikia programu) kwenye bodi ndogo za kompyuta kama Raspberry Pi Pico, hasa wanaounda mashine za kuangulia vifaranga, kwa sababu kuna muuzaji wa mtandaoni aliyenipotezea pesa zangu na mayai ya mtu aliyeniamini.

Nilinunua kwake vihisi sita vya BME280 kwa shilingi 850 kila kimoja, nikalipa kwa M-Pesa kabla ya kuviona, navyo vikafika kwa matatu siku iliyofuata. BME280 hupima joto, kanieneo na unyevu wa hewa, ilhali BMP280, ambayo ni ya bei ya chini, haipimi unyevu kabisa. Vyote viwili ni vya kampuni ya Bosch, vyote husomwa kupitia I2C, yaani njia ya nyaya mbili za data inayounganisha kihisi na bodi, kwa anwani ya 0x76 au 0x77, na vibodi vinavyovibeba hufanana mno, kwa hivyo ni rahisi kumuuzia mtu kimoja kwa jina la kingine.

Kosa la kutuma bidhaa isiyo sahihi ningelisamehe. Lakini muuzaji huyu, bila kuombwa, alinitumia pia faili la maktaba, yaani msimbo wa kusomea kihisi, akidai kwamba yale ya kawaida yana hitilafu, nami nikalipakia kwenye Pico bila kulisoma. Skrini ya mashine ikawa inaonyesha unyevu wa kati ya asilimia 54 na 56, usiku na mchana, kiwango kinachofaa mayai ya kuku katika siku 18 za kwanza. Siku tatu za mwisho, ambapo unyevu unapaswa kupandishwa hadi asilimia 65 hivi, niliongeza maji kwenye trei mara mbili na nambari haikusogea. Kati ya mayai 48 ya mama mmoja wa Ahero yalianguliwa 11 tu, na katika mengi ya yaliyobaki tulikuta kifaranga aliyekamilika, amekauka na kugandamana na utando wa ndani ya gamba.

Hapo ndipo nilipokipumulia kihisi kwa karibu: joto lilipanda, unyevu ukabaki palepale. Nilipolifungua lile faili nilikuta mstari unaochukua 54, ukaijumlisha na nambari ya kubahatisha isiyofika 2, kisha ukairudisha kana kwamba ni kipimo. Huo si uzembe. Mtu alikaa akauandika.

Kabla ya kukitumia kihisi chochote cha aina hii, tafadhali kiulizeni chenyewe jina lake. Mkishatayarisha I2C, andikeni i2c.readfrom_mem(0x76, 0xD0, 1), ambapo 0xD0 ni rejista ya utambulisho, yaani mahali ndani ya kihisi panapohifadhiwa namba ya aina yake. BME280 halisi hujibu 0x60, na BMP280 hujibu 0x58, ambayo MicroPython huionyesha kama b'X'. Vyangu vyote sita vilijibu b'X'. Asiye na kompyuta karibu aangalie kifuniko cha chuma: cha BME280 ni mraba wa milimita 2.5 kila upande, na cha BMP280 ni mstatili wa milimita 2 kwa 2.5.

Nilipomdai fedha zangu alisema unyevu ungeanza kusomeka baada ya kusasisha programu, kisha akanifungia nisiweze kumwandikia tena. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, kwa hivyo aliyetapeliwa kama mimi ahifadhi ujumbe wa malipo, mazungumzo yote, na hasa lile faili, asilifute kwa hasira.

Sasa ukurasa wake umebadilishwa jina, lakini picha ni ileile: kihisi kimewekwa juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani chenye maua mekundu, kando ya sarafu ya shilingi kumi. Mkiiona, msitume pesa.