journalctl: pa kuanzia Linux ikilalamika baada ya kupandishwa toleo

Umepandisha toleo, umewasha upya, na maandishi mekundu yamepita kwenye skrini kabla hujayasoma. Usihangaike kuyapiga picha kwa simu. systemd, inayowasha na kusimamia huduma kwenye Debian, Ubuntu, Fedora na nyingi nyinginezo, imeshayaandika kwenye jarida lake, na amri ya kulisoma ni journalctl. Tatizo la amri hii ni usemaji: ukiiita hivi hivi inakumwagia maelfu ya mistari kuanzia ya zamani kabisa, na wengi huifunga papo hapo.

Ianze kwa `sudo journalctl -b -p 3`. Hiyo -b hubakiza uwashaji wa sasa tu, na -p 3 huonyesha makosa na yaliyo mazito zaidi peke yake (madaraja ni 0 hadi 7, na 0 ndiyo balaa lenyewe). Kama kompyuta iligoma ukaiwasha tena, weka -b -1 usome uwashaji uliotangulia. Kisha `systemctl --failed` ikupe jina la huduma iliyoanguka, nawe ulifuatilie kwa `journalctl -b -u` na jina hilo.

Hapa ndipo inapostahili sifa. Chukua ule usubirifu wa sekunde 90 wa "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...". Jarida linataja UUID (utambulisho wa sehemu ya diski) inayotafutwa. Ilinganishe na `lsblk -f`. Isipokuwepo, rekebisha /etc/fstab (orodha ya diski za kupachikwa) na uikague kwa `findmnt --verify` kabla ya kuwasha upya. Diski ya nje ipewe chaguo la nofail humo humo, isije ikauzuia mfumo mzima. Kwenye Debian na Ubuntu, swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) iliyofutwa huleta "Gave up waiting for suspend/resume device": andika RESUME=none ndani ya /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, halafu `sudo update-initramfs -u -k all`. Ikianguka systemd-modules-load, mara nyingi kuna moduli (kipande cha kuongezea, kama kiendeshi) iliyotajwa kwenye /etc/modules-load.d ambayo kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, haina.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haitofautishi kelele na ugonjwa. "ACPI BIOS Error (bug)" hutisha kwa wekundu wake, kumbe kwa kawaida kosa ni la BIOS (programu ya ubao mama) ya mtengenezaji na mashine inafanya kazi vizuri tu. Dawa ni kulinganisha: `journalctl --list-boots`, chagua uwashaji wa kabla ya kupandisha toleo, tuseme -b -5, uchuje kwa -p 3 vilevile. Mstari uliokuwepo tangu zamani usiusingizie toleo jipya.

Ulinganisho huo unahitaji folda ya /var/log/journal. Kwa mpangilio wa kawaida wa matoleo mengi ya systemd, isipokuwepo, jarida hukaa /run na kupotea kompyuta ikizimwa. Jambo la kuudhi, maana hugundui hadi umeshaharibikiwa. Kabla ya kupandisha toleo, `sudo mkdir -p /var/log/journal` kisha `sudo journalctl --flush`. Likinenepa, `sudo journalctl --vacuum-size=200M` inalipunguza.

Na kuna mahali haioni kabisa. "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" hutokea kabla diski haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna kitakachoandikwa. Mshukiwa wa kwanza ni initramfs (faili dogo ambalo kerneli hulitumia kuifikia diski) isiyokuwepo au iliyokatika katikati kwa sababu /boot imejaa. Kwenye Debian na Ubuntu, ingia kwa kerneli ya zamani kupitia "Advanced options" ya GRUB (menyu ya kuwashia), tazama `df -h /boot`, ondoa kerneli zisizotumika kwa `sudo apt autoremove --purge`, kisha `sudo update-initramfs -c -k` na toleo la kerneli mpya, umalizie na `sudo update-grub`. Hata ya zamani ikigoma, washa kwa flashi ya Linux, pachika diski kwenye /mnt, na usome `sudo journalctl -D /mnt/var/log/journal -e`.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na ile folda.