Vyumba vya Sauti vya X na Mjadala wa Dini: Tathmini kutoka Mbale

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya vyumba vya mazungumzo ya sauti katika mtandao wa X, inayojulikana kwa jina la Spaces, na ninaitathmini kwa kazi moja tu: mijadala ya dini inayoendeshwa kwa Kiswahili, ambayo huwakusanya wasikilizaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo. Wapo wanaovitumia vyumba hivyo kwa siasa, mpira na biashara. Hayo sina neno nayo. Mimi ni Mwislamu, mkazi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, niliyekulia katika mihadhara ya hadharani ambamo mashehe na wahubiri wa Kikristo hupokezana kipaza sauti, na kilichonifanya nianze kusikiliza kwa makini ni swali ambalo waumini wenzangu hawachoki kuliuliza: mtu asiyeamini kwamba Mungu yupo anatafuta nini katika mazungumzo ya dini? Baada ya kusikiliza kwa muda, naona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika huduma yenyewe. Inampa mtu huyo nafasi ambayo mtaa wake haumpi, na kwa hiyo ubora wake unafaa upimwe kwanza kwa jinsi inavyomhudumia yeye, kabla ya jinsi inavyotuhudumia sisi wengi wenye misikiti na makanisa ya kusemea.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mwenyeji hufungua chumba na kukipa kichwa cha habari, akateua wasaidizi wawili, na wengine kumi wanaweza kupewa nafasi ya kusema kwa wakati mmoja. Waliobaki husikiliza, na idadi yao haina kikomo. Anayetaka kusema huomba kipaza sauti na kungoja kukubaliwa. Huduma hii ilianza kujaribiwa mwishoni mwa 2020, mtandao huo ulipokuwa bado unaitwa Twitter, na katika mwaka wa 2021 ikafunguliwa kwa watumiaji wengi zaidi. Kwetu ulikuwa wakati wa kufungiwa ibada: nyumba za ibada zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Septemba kwa idadi ndogo ya waumini, zikafungwa tena Juni 2021. Watu waliozoea kusikiliza mawaidha na kuuliza maswali baada ya swala hawakuwa na pa kwenda, na vyumba hivi vilikuwa tayari vinawangoja.

Ili kuelewa kwa nini asiyeamini alivifuata vyumba hivi badala ya makundi ya WhatsApp, ambayo karibu kila Mganda mwenye simu ya kisasa anayo, ni lazima kuangalia jambo linaloonekana dogo, nalo ni namba ya simu. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na kwa kawaida kila mmoja wao anaiona namba ya mwenzake. Laini za simu hapa nchini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na makundi mengi yameundwa juu ya uhusiano uliokuwepo tayari: ukoo, jamaa wa msikiti, waliosoma pamoja, kikundi cha kuweka akiba. Mtu akiandika humo kwamba ameacha kuamini, habari itamfikia mama yake kabla ya jioni. Katika X anaweza kujiita jina alitakalo, na hakuna namba inayoonekana. Kwa muumini tofauti hiyo haina uzito wowote, lakini kwa asiyeamini ndiyo inayoamua kama atasema au atanyamaza.

Tukumbuke pia yuko peke yake kiasi gani. Katika sensa ya mwaka 2014 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39 ya wananchi, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, na Wapentekoste 11. Waliojitambulisha kuwa hawana dini walikuwa asilimia 0.2. Katiba ya 1995 inasema katika ibara ya 7 kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri, lakini kaulimbiu ya taifa ni kwa ajili ya Mungu na nchi yangu, shule nyingi zilizo bora zilianzishwa na misheni, na mazishi, harusi na hata mikutano ya wazazi hufunguliwa kwa sala. Sisemi hivyo kwa kulalamika, kwa kuwa mimi mwenyewe ningeona ajabu mkutano usiofunguliwa kwa dua. Nasema tu kwamba anayeuliza kwa nini asiyeamini hujishughulisha na dini amesahau kwamba katika nchi hii dini inajishughulisha naye tangu anapopewa jina hadi anapozikwa. Ada anayolipa, kaburi atakalolazwa na baba mkwe atakayemkubali au kumkataa, vyote vinapitia humo.

Sababu wanazozitoa wenyewe wakipewa kipaza sauti hazifanani, na hapa ndipo huduma hii inaponifurahisha zaidi, kwa sababu maandishi mafupi yasingeweza kuzibeba. Wengi wanaeleza kwamba walikuwa waumini wa dhati, baadhi yao wanakwaya, waliosoma seminari au waliohitimu madrasa, na kwamba dini ndiyo elimu waliyoisoma kwa miaka mingi kuliko nyingine yoyote. Kuwataka waache kuizungumzia ni kuwataka waache kuzungumzia maisha yao. Jambo hilo halinishangazi. Huko Marekani, uchunguzi wa taasisi ya utafiti ya Pew Research Center wa mwaka 2010 uliwapa watu maswali 32 kuhusu dini mbalimbali, na wasioamini Mungu pamoja na wale wasemao kwamba haijulikani kama yupo walipata wastani wa majibu sahihi 20.9, ilhali wastani wa watu wote ulikuwa 16. Marekani si Uganda, lakini yeyote aliyewahi kubishana na mtu aliyeacha usheikh au ukatekista anajua kwamba aya na sura anazo kichwani.

Wengine huja kwa sababu ya madhara waliyoyaona. Kanungu hutajwa mara kwa mara, na ni haki itajwe: tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wa vuguvugu lililodai kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za vuguvugu hilo. Hutajwa pia wagonjwa wa VVU walioacha kumeza dawa kwa kuahidiwa uponyaji wa madhabahuni. Muumini akijibu kwamba hiyo haikuwa dini ya kweli, asiyeamini humwuliza ni kwa kipimo gani mfuasi wa kawaida angeweza kuijua ya uongo kabla ya moto kuwashwa, na mimi sijasikia jibu la haraka lililomridhisha mtu yeyote chumbani. Wapo vilevile wanaotafuta wenzao tu. Uganda ina historia ya watu wa namna hii kukutana ana kwa ana: mwaka 2004 mkutano wa kimataifa wa wanautu, yaani watu wanaojenga maadili juu ya utu wa binadamu bila kumtegemea Mungu, ulifanyika Kampala, na tangu 2011 wilaya ya Kasese ina shule ya msingi ya kiutu. Lakini kijana wa Soroti au Arua hawezi kupanda basi kila akitaka kusikia sauti ya mtu mwenye shaka kama yake. Na wapo, tusidanganyane, wanaokuja kwa ajili ya raha ya kumshinda mtu. Hao tunao hata sisi, na kwenye mihadhara huwapigia takbiri.

Mihadhara ndiyo kipimo changu, na kwa kipimo hicho vyumba hivi vimefanya jambo ambalo viwanja vya Mbale havijawahi kulifanya. Katika mhadhara wa Waislamu na Wakristo pande zote mbili zinakubaliana juu ya mambo makubwa kabla hata ya salamu: Mungu yupo, amesema, na maneno yake yameandikwa. Ugomvi unabaki juu ya kitabu kipi na tafsiri ipi, na bingwa ni yule anayefungua ukurasa haraka na kumsomea mpinzani maneno ya kitabu chake mwenyewe. Asiyeamini akiingia chumbani, silaha hiyo haifanyi kazi. Nimewasikia walimu hodari, watu ambao ningetembea kwa miguu kwenda kuwasikiliza, wakimsomea aya tatu mfululizo mtu ambaye swali lake lilikuwa ni kwa nini aziamini aya hizo, kisha wakakasirika kwa kuwa hakunyamaza. Nimesikia pia jambo jingine, ambalo kwangu lina thamani zaidi: ustadhi na mchungaji, waliokuwa wakishambuliana kwa miezi, wakijikuta upande mmoja, wakipeana nafasi na kukamilishiana hoja juu ya asili ya ulimwengu. Sijui kama walilitambua. Kelele zilipungua, na maneno kama chanzo, sababu na uthibitisho yakaanza kuelezwa badala ya kurushwa. Asiyeamini hakumgeuza mtu yeyote usiku ule, wala yeye hakugeuzwa, ila mjadala wenyewe uliinuka daraja.

Sauti pia inasaidia adabu. Mtu anayeandika matusi bila kufikiri huanza kwa salamu anapolazimika kusema, na Kiswahili chenyewe humsukuma kumwita mwenzake ndugu, mzee au mwalimu kabla ya kumpinga. Hapa niseme kwamba Kiswahili chetu Waganda huchekwa sana na wenzetu wa pwani, na kwamba wengi wetu tulikisikia kwanza kwa askari. Lakini mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na sijui darasa la ufasaha lililo bora kuliko kumsikiliza mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga wakibishana juu ya kadari.

Kasoro za huduma hii si ndogo. Ya kwanza ni mamlaka ya mwenyeji, ambaye anaweza kumzima msemaji, kumshusha au kumfukuza, na hakuna wa kumkatia rufaa. Katika chumba kimoja ambacho sitakitaja, msichana aliyeuliza kwa upole kuhusu urithi wa wanawake alizimiwa kipaza sauti katikati ya sentensi, kisha kwa muda mrefu akajibiwa maneno ambayo hakuyasema. Wanawake husikika wachache katika vyumba hivi, na tabia kama hiyo ni mojawapo ya sababu. Ya pili ni vichwa vya habari vya uchokozi, vinavyowekwa ili kujaza wasikilizaji. Chumba kilichofunguliwa kwa tusi ni vigumu kukirudisha kwenye hoja.

Gharama na mazingira ya hapa nchini nayo yahesabiwe, ingawa si kosa la waliotengeneza huduma. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa 2021, lakini badala yake iliwekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti, na mjadala wa saa tatu hula bando. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu, na kufungwa kwa Facebook tangu mwezi huo kuliwazoesha Waganda kutumia VPN, yaani programu za kukwepa vizuizi vya intaneti, au kuhamia kwingine. Sheria nazo zina uzito. Kanuni ya adhabu ina kosa la zamani la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, na ijapokuwa Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023 kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokataza mawasiliano ya kuudhi, marekebisho ya 2022 ya sheria hiyo yalikuwa yameongeza kosa la kusambaza habari zinazoweza kukejeli au kudhalilisha watu, makabila na dini. Muumini anayeikejeli dini ya jirani yake na asiyeamini anayezikejeli zote wanaguswa na maneno hayohayo ya sheria, ila wa pili hana jumuiya itakayomtafutia wakili.

Kasoro inayonisumbua kuliko zote inahusu kile kile nilichokisifu mwanzoni. Jina linafichika, lakini sauti haifichiki. Lafudhi ya Kigisu au ya Kiteso humtambulisha mtu kwa wilaya yake, na kikohozi au neno analopenda kulirudia humtambulisha kwa shangazi yake. Kurekodi chumba ni hiari ya mwenyeji. Akirekodi, mazungumzo hubaki na kusambazwa vipande vipande hadi kwenye makundi yale yale ya ukoo ambayo msemaji aliyakimbia. Alama ya kurekodi huonekana kwenye skrini, lakini anayesikiliza huku akipika au akiendesha bodaboda haangalii skrini. Wenyeji wachache, na nawapongeza, hutangaza kwa mdomo kila baada ya muda kwamba mazungumzo yanarekodiwa na kumpa kila msemaji mpya nafasi ya kujiondoa. Kwa vyumba vyao natoa nyota nne kati ya tano, na kwa vingine mbili. Aliyeacha dini ya wazazi wake na bado anaishi chini ya paa lao, anayetaka kujaribu huduma hii, namshauri asikilize kwanza mwenyeji anayemfikiria, na maswali yake ayaandike chini ya chumba badala ya kuyasema; mwenyeji mwema huyasoma kwa sauti bila kumtaja aliyeyaandika.