Siku sita barabarani, nyumba nne za Wright na Mies: uzoefu wangu

Hukumu yangu naitanguliza: safari hii inalipa na ningeirudia kesho, ila nisingeibana kama tulivyoibana. Tulikuwa wawili, mimi na mjomba wangu, kwenye gari dogo la kukodi tulilolichukua Pittsburgh katikati ya Oktoba. Nyumba zilikuwa nne: Fallingwater na Kentuck Knob huko Pennsylvania, nyumba ya Edith Farnsworth kule Plano, Illinois, na Robie House ndani ya Chicago. Tatu zilichorwa na msanifu majengo wa Kimarekani Frank Lloyd Wright, moja na msanifu mzaliwa wa Ujerumani, Ludwig Mies van der Rohe. Mimi nimesomea uchoraji wa ramani za majengo, kwa hiyo picha za nyumba hizi nimezitazama mara zisizo na idadi. Mjomba ni mwashi, ameshika mwiko zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kuziona hata kwenye picha. Yeye ndiye aliyeziona vizuri kuliko mimi.

Fallingwater iko Mill Run, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Pittsburgh, na sehemu ya mwisho ni barabara nyembamba za kupanda na kushuka msituni. Simu ilipoteza mtandao tukiwa bado njiani, ramani ikaganda. Tuliokolewa na karatasi: tiketi nilikuwa nimezichapa na njia nilikuwa nimeiandika kwa mkono. Tiketi zenyewe kata mapema sana, hasa ukienda majira ambayo majani yanabadilika rangi. Siku za Jumatano nyumba hufungwa, na watoto wa chini ya miaka 6 hawaingii ndani katika ziara ya kawaida, jambo ambalo wazazi waliokuwa mbele yetu walilijua wakiwa wameshafika.

Kutoka mapokezi unashuka kwa miguu, na kabla hujaona ukuta wowote unasikia maji. Edgar Kaufmann, mwenye duka kubwa la Pittsburgh, alitarajia nyumba inayotazama maporomoko. Mwaka 1935 Wright akamchorea nyumba iliyokaa juu ya maporomoko yenyewe. Habari hiyo nilikuwa nayo kichwani miaka yote, lakini maana yake niliipata niliposimama sebuleni. Ukiwa ndani maporomoko huyaoni. Unayasikia. Sebuleni yanavuma chini ya nyayo, ghorofani yanasogea mbali kidogo, ukitoka kibarazani yanakujia yote kwa pamoja. Picha ile maarufu inayopigwa kutoka chini ya kijito inaonyesha kitu ambacho wenye nyumba hawakukiona walipokuwa wamekaa kwao. Wao waliishi na sauti.

Dari nazo ni za chini. Korido za ghorofani ni nyembamba, zina giza kidogo, na mtu mrefu akinyoosha mkono anaifikia dari bila shida. Unapita umejikunja, kisha mlango unafunguka na msitu mzima unakupokea. Hakuna picha iliyowahi kunipa hisia hiyo.

Mjomba yeye alikwama mbele ya meko. Pale pana mwamba uliokuwapo kabla ya nyumba, umeachwa ukichomoza sakafuni. Sakafu ya mawe inayouzunguka imepakwa nta ikang'aa kama imelowa, mwamba haukupakwa. Ukikaa kuutazama unaona jiwe kavu limeinua kichwa katikati ya maji ya kijito, humo humo sebuleni. Mjomba alichuchumaa, mikono mgongoni kwa sababu kugusa hairuhusiwi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mpwa wangu, mwingine hapa angeagiza nyundo." Mbele kidogo akanionyesha mahali kioo cha dirisha kilipokutana na ukuta wa mawe. Hakuna fremu. Kioo kimezama moja kwa moja ndani ya jiwe, kikifuata mwanya uliochongwa kwa ajili yake. "Jiwe hili halina uso ulionyooka," akasema. "Aliyechonga hapa alikaa siku nzima." Kiongozi wa ziara alituita mara mbili ndipo tukasogea.

Nilifurahi kwamba kiongozi wetu hakuficha maumivu ya nyumba hii. Vibaraza vile vya zege vinavyoning'inia juu ya kijito vilizua ugomvi tangu ujenzi: wahandisi wa Kaufmann waliona nondo hazitoshi, zikaongezwa, Wright akakasirika mno. Pamoja na hayo zege lilianza kuinama mara mbao za kumwagia zilipoondolewa, na kufikia miaka ya 1990 ncha ilikuwa imeshuka takriban sentimita 18. Mwaka 2002 mawe ya sakafu ya sebule yaling'olewa, nyaya za chuma zikapitishwa chini na kukazwa, kisha mawe yakarudishwa. Nilipomtafsiria Mjomba hayo, alirudi kuitazama sakafu upya, akitafuta alama. Hakuiona, na akawapa heshima zao mafundi wale.

Kosa letu lilikuja mchana. Kentuck Knob iko umbali wa kilomita kumi na kidogo tu kutoka pale, basi nikakata tiketi za siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Macho yalikuwa yamejaa. Tuliingia bado tunazungumza habari za Fallingwater, na robo ya kwanza ya ziara ikapita bila sisi kuwamo. Nasikitika kwa sababu nyumba hii ndiyo ningependa kuishi. Wright aliichora akiwa na miaka zaidi ya 80, kwa ajili ya familia ya Hagan waliokuwa na biashara ya aiskrimu, ikakamilika 1956. Imejengwa kwa jiwe la mchanga na mbao za msaiprasi, na haikuwekwa kileleni bali chini kidogo ya kilele, kama mtu aliyeegemea mlima. Vyumba vinafuata umbo la pembe sita, kona za mraba ni za kutafuta. Kwenye ukumbi wa nje, paa lililochomoza limetobolewa matundu ya pembe sita, na jua la alasiri lilikuwa linayachora sakafuni moja baada ya jingine. Tulisimama pale tukiyatazama yakisogea mpaka muda wa ziara ukatuishia.

Kutoka hapo hadi Chicago ni kama kilomita 800, tukazigawa siku mbili kupitia Ohio na Indiana. Ni barabara pana za kulipia, hazina mengi ya kusimulia. Ila chunga jambo moja: kampuni iliyotukodisha gari haikutueleza kwamba kile kifaa cha kulipia barabara kilichobandikwa kiooni kina ada yake ya kila siku. Tuliikuta kwenye bili. Uliza kabla hujatia sahihi.

Nyumba ya Farnsworth iko kando ya mto Fox. Unaiendea kwa miguu kati ya miti, na inajitokeza nyeupe, imeinuliwa kama mita 1.6 kutoka ardhini juu ya nguzo nane za chuma. Kuta zote ni kioo. Ujenzi wake ulikamilika 1951. Mjomba alizunguka nguzo moja akitafuta mahali ilipochomelewa na sakafu. Hapaonekani, kwa sababu mafundi walichomelea kisha wakasaga mpaka chuma kikawa laini. "Wamefuta kazi yao wenyewe," akasema, na sijui kama alisifu au alilaumu. Mimi niliiona ni nzuri mno kwa macho, hata pumzi ilinikata. Lakini nilipofika ndani nikaanza kumfikiria Dkt. Edith Farnsworth, daktari wa figo kutoka Chicago, aliyeiagiza kwa ajili ya kupumzika wikiendi. Kiangazi joto, baridi ikija vioo vinatoa jasho, na madirisha ya kufunguka ni mawili tu upande mmoja. Mbu walimlazimu kuweka wavu kwenye baraza. Yeye na Mies walifikishana mahakamani juu ya gharama. Mto nao haukuheshimu zile nguzo: mafuriko ya 1954, 1996 na 2008 yote yaliingia ndani. Tangu 2021 nyumba inaitwa kwa jina lake kamili, Edith Farnsworth, na nadhani ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeibeba.

Jambo lililonigusa ni kwamba tajiri Mwingereza Peter Palumbo aliwahi kuzimiliki mbili kati ya nyumba zetu nne. Hii ya Farnsworth aliinunua kutoka kwa Edith mwenyewe, na ikauzwa mnadani 2003 kwa dola milioni 7.5, ndipo ikaokolewa isihamishwe. Kentuck Knob nayo aliinunua miaka ya 1980. Natamani kumuuliza alilala vizuri wapi. Mimi jibu langu ninalo.

Robie House tuliiwekea asubuhi nzima, na ndivyo inavyotakiwa. Ilijengwa 1909 hadi 1910, na ndani ina madirisha na milango 174 ya vioo vya nakshi. Watu wengi hukimbilia vioo hivyo, na kweli mwanga wake sebuleni ni wa dhahabu. Sisi tulikaa nje, njiani, karibu saa nzima. Matofali yake ni marefu na membamba. Mjomba akanionyesha siri: maungio ya kulala yamekwanguliwa yakaingia ndani na saruji yake ni nyeupe nyeupe, lakini maungio ya kusimama yamejazwa sawasawa na uso wa tofali, kwa saruji yenye rangi ya tofali lenyewe. Jicho linapoteza mistari yote ya wima, linabaki na mistari mirefu ya kulala, ndiyo maana nyumba inaonekana imejinyoosha. Kumbe ule "usawa", yaani mistari ya kulala, niliousoma darasani kwa miaka ulikuwa mikononi mwa mwashi na ndoo zake mbili za saruji.

Kuhusu viongozi: watatu walikuwa hodari. Katika nyumba moja, ambayo sitaitaja, tulikimbizwa chumba hadi chumba kwa sababu kundi la nyuma lilikuwa linatukanyaga visigino. Kama kuna ziara ndefu, ilipie hiyo hata ikikulazimu kuacha nyumba nyingine. Taliesin, nyumba ya Wright mwenyewe kule Spring Green, Wisconsin, ilikuwa kwenye orodha yetu. Tuliifuta usiku wa tano, tukiwa tumechoka, na sijutii.

Tunaiendea mwakani peke yake. Mjomba ameomba siku mbili, na ameomba pia nimtafutie miwani ya kuonea karibu.