Kuweka dakika tatu, kutoa wiki tatu: yaliyonikuta kwenye soko langu la kwanza la kripto

"Kama ulikuwa na haraka na hela yako, usingeileta huku."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na mhudumu wa soko la kripto, yaani kampuni ya mtandaoni ya kununua na kuuza sarafu za kidijitali kama bitcoin, nililolikabidhi akiba yangu. Si roboti, maana roboti ningeisamehe. Ni mtu mzima aliyesoma ujumbe wangu, ujumbe nilioufungua kwa "samahani kwa usumbufu", akaona hilo ndilo la kunijibu. Imepita miezi kadhaa na bado nikilikumbuka damu inanichemka. Jina la soko silitaji. Naeleza yaliyonikuta, kwa sababu najua wapo wanaolinganisha masoko usiku huu kama nilivyokuwa nikilinganisha mimi, na wanaangalia vitu visivyo na maana hata kidogo.

Mimi niliangalia nini? Idadi ya sarafu zilizoorodheshwa, wakati nilitaka kununua moja tu. Uzuri wa programu kwenye simu. Zawadi ya kujiunga. Ada ya kununua, ambayo niliilinganisha hadi nukta ya mwisho, kumbe kile kitufe rahisi cha "Nunua" kina bei yake ya pembeni iliyofichwa kwenye tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na ukurasa wa wafanyabiashara uliomo ndani ya programu hiyohiyo ungenitoza kidogo zaidi. Hilo nalo nilikuja kuligundua mwenyewe. Lakini ada haikuniliza. Kilichoniliza ni mlango wa kutokea.

Kuingia kulikuwa raha, na nasema kweli. Barua pepe, nywila, namba za kadi ya benki, na ndani ya dakika tatu nilikuwa na kipande cha bitcoin. Kipande, ndiyo. Wageni wengi bado wanadhani lazima ununue nzima, wakati bitcoin moja inagawanyika katika vipande vidogo 100,000,000 viitwavyo satoshi, na unaweza kuanza na kiasi unachokimudu. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, hakuna aliyeniuliza hela nimeitoa wapi. Nilifurahi mno. Nilimpigia binamu yangu, ambaye yuko kwenye mambo haya siku nyingi, nikitegemea pongezi.

Akaniuliza, "Umeshajaribu kutoa?"

Nikamwambia nitoe ya nini na ndiyo kwanza nimenunua. Akasema, "Toa kidogo tu. Ujue kama mlango unafunguka." Akanielekeza jinsi ya kutengeneza pochi yangu mwenyewe kwenye simu, yaani programu ya kutunzia sarafu nje ya soko, nikaandika kwenye karatasi kwa mkono maneno yake 12 ya siri, ambayo mwenye nayo ndiye anayeweza kuifungua, na juu ya karatasi akanisisitizia niandike kwa herufi kubwa: USIMPE MTU YEYOTE. Karatasi hiyo nitairudia.

Nikabonyeza "Toa". Hapo ndipo soko lilipokumbuka kuwa halinijui.

Kwanza nilitakiwa kukamilisha uhakiki wa utambulisho. Niwe mkweli: sipingi kuulizwa kitambulisho. Tangu 2019, FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia viwango vya kuzuia utakatishaji wa fedha, imetoa mwongozo kwamba masoko haya yawajue wateja wao na yapeane taarifa za anayetuma na anayepokea, na soko lisilouliza chochote ndilo la kuogopa zaidi. Kinachoniuma ni mpangilio. Hela yangu waliipokea bila kunijua. Walipotakiwa kuirudisha ndipo nikawa mtu wa kutiliwa shaka. Kama uhakiki ni muhimu kiasi hicho, uwekwe mlangoni, kabla sijatoa hata senti.

Nikatuma picha ya kitambulisho. Ikakataliwa: haisomeki. Nikaipiga tena mchana, karibu na dirisha. Ikakataliwa: kona imekatika. Ya tatu ikapita, lakini selfi ikakataliwa. Selfi ilipokubaliwa likaja jingine: kitambulisho changu kina majina matatu na akaunti ina mawili, kwa hiyo "taarifa hazilingani". Fomu yao ya kujisajili ina nafasi mbili tu za majina! Nafasi ya tatu haipo! Ningeliandika wapi hilo jina la babu yangu? Kila jibu lilichukua siku, mara nyingine mbili, na kila jibu lilianza na "Ndugu mteja" na kuishia na "tunathamini uvumilivu wako".

Uhakiki ukapita. Nikabonyeza tena. Safari hii nikaambiwa sarafu iliyonunuliwa kwa kadi inashikiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Hili nalo nimekuja kulielewa, na lina mantiki: malipo ya kadi mwenye kadi anaweza kuyapinga benki yakarudishwa, lakini bitcoin ikishatumwa hakuna wa kuirudisha, kwa hiyo soko linaogopa kubaki mikono mitupu. Sawa. Lakini sentensi hiyo moja ingekaa pale kwenye kitufe cha "Nunua", ningejua. Mahali pake ilikuwa aya ya masharti ambayo kuifikia unasogeza kidole mpaka kinachoka.

Siku zikaisha na kitufe bado hakifanyi kazi. Mhudumu mmoja akanishauri nibadili nywila "ili akaunti ijisafishe". Nikabadili. Na ukibadili nywila, soko hilo linafunga utoaji wote kwa saa 24 kwa ajili ya usalama. Utaratibu huo ni mzuri, unamzuia mwizi aliyeingia kwenye akaunti asiondoke na kila kitu usiku huohuo. Lakini aliyenishauri ni wao! Mhudumu wao hakujua kwamba ushauri wake unanifungia mlango.

Ndipo nikaandika ule ujumbe wa samahani kwa usumbufu, nikauliza kitu kimoja tu: naomba kujua itachukua muda gani. Nikapata jibu mnaloliona hapo juu.

Usingizi ulinitoka. Nikawa nasoma habari za masoko yaliyoanguka, jambo ambalo naomba mlisome kabla ya kuweka hela na si baada yake. Mt. Gox ya Tokyo ilisimamisha utoaji Februari 2014, na mwezi huohuo ikaomba ulinzi wa kufilisika, ikisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye 200,000 zikapatikana, na wadai wengi walianza kurudishiwa bitcoin 2024, miaka 10 baadaye. QuadrigaCX ya Kanada: wateja walihangaika kutoa pesa zao mwaka 2018 wote, kisha Desemba mwanzilishi wake akafariki na kampuni ikasema yeye pekee ndiye aliyekuwa na funguo za siri za kutolea sarafu za wateja. Uchunguzi wa mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya Ontario, jimbo la Kanada, ulionyesha alikuwa akifanya biashara kwa akaunti za uongo na kutumia mali za wateja. FTX ilisimamisha utoaji Novemba 2022, na siku chache baadaye, tarehe 11, ikafilisika; mwanzilishi wake alihukumiwa miaka 25 jela mwaka 2024. Someni muone kipi hutangulia. Kununua kunaendelea, taa zinawaka, bei zinapanda na kushuka kwenye kioo. Mlango wa kutokea ndio unaofungwa kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango uliofungwa, na mtu wa upande wa pili ananiuliza haraka ya nini.

Na hapa ndipo palipo kidonda chenyewe. Kwa hasira nikaandika malalamiko yangu hadharani mtandaoni. Hazikupita dakika mbili nikapata ujumbe wa faragha, wenye nembo ya soko na jina la "Idara ya Msaada". Huyu alikuwa na lugha! "Pole sana ndugu yangu kwa usumbufu ulioupata. Nimeona tatizo lako, tulimalize sasa hivi." Akauliza habari za familia. Akaniomba radhi kwa niaba ya mwenzake aliyenijibu vibaya. Kisha akasema ili kuunganisha pochi yangu na mfumo wao nimwandikie yale maneno 12 kwa mpangilio. Pochi ilikuwa bado tupu, nikajiambia hakuna cha kuibiwa. Nilikuwa nimeshaandika maneno sita kwenye kisanduku cha ujumbe pale macho yalipotua kwenye herufi kubwa za karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikafuta. Mikono ilikuwa inatetemeka. Ningeyatuma, siku bitcoin ingeingia kwenye pochi ile, ingeondoka siku hiyohiyo. Nilitengeneza pochi mpya yenye maneno mapya.

Tapeli alinipa pole. Soko halikunipa. Mwanzoni kabisa, mgeni hajui lipi ni la kawaida na lipi ni hatari, anamshika anayempa mkono, na soko likimfukuza mlangoni kwa kejeli linamsukuma moja kwa moja kwa wanaomsubiri nje. Kwa hiyo, unapochagua, kabla ya kuweka chochote waandikie swali la kijinga kabisa kwenye huduma kwa wateja. Waulize ada ya kutoa ni kiasi gani na kiwango cha chini ni kipi. Uone wanajibu baada ya muda gani, na wanakujibu kama nani. Kwangu mimi kipimo hicho kina uzito kuliko orodha ya sarafu 300.

Mengine ni ya haraka. Maliza uhakiki kabla hujaweka hela. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu inayotoa namba kwenye simu, usitegemee esemesi, kwa sababu laini yako ikihamishwa na tapeli, esemesi zako zinamfuata yeye. Ukituma USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola na inayopita kwenye mitandao tofauti, hakikisha mtandao unaochagua ndio huohuo wa pochi inayopokea. Anwani za Tron huanza na T, za Ethereum huanza na 0x, na ukikosea unaweza usiipate tena. Na ile sehemu ya kufanya biashara kwa mkopo, wanayokusukumia kwa rangi za kuvutia tangu siku ya kwanza, iache.

Haya, nitende haki. Walifungua. Wiki ya tatu hivi, asubuhi moja, bila maelezo yoyote, kitufe kikaamka. Nikatuma kiasi kidogo kwanza, nikakaa nimekodolea macho simu. Kwenye mtandao wa Bitcoin miamala huthibitishwa kwa mafungu yaitwayo bloku, na bloku mpya hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na zile dakika zilikuwa ndefu kuliko wiki zote. Uthibitisho wa kwanza ukaingia. Siwezi kueleza furaha ile. Hela ilikuwa yangu kwa namna ambayo haijawahi kuwa siku zote ilipokuwa namba kwenye kioo chao. Nilimpigia binamu, nikashindwa kuongea.

Siku hiyo ningewapa nyota tatu. Nilianza hata kuwatetea moyoni: wanafuata sheria, hawakuniibia, huyo mhudumu pengine aliamka vibaya, na programu yao kweli ni nzuri. Nilikuwa tayari kuandika kwamba ni soko zuri lenye huduma mbaya.

Kisha nikatoa zilizobaki. Akaunti mpya ina kikomo cha siku, kwa hiyo nilitoa hadi kikomo, kesho yake nikarudi kumalizia kilichobaki. Haikuwezekana. Kilichobaki ni kidogo kuliko kiwango cha chini cha kutoa. Nikawaandikia, kwa heshima ileile. Jibu likaja baada ya siku mbili:

"Ndugu mteja, ili uweze kutoa salio lako tafadhali ongeza kiasi kwenye akaunti ufikie kiwango kinachoruhusiwa."

Niweke hela ili nipewe hela yangu. Sijaweka na siweki. Salio lipo pale mpaka leo, naliona kila nikifungua programu, na nyota yao ni moja.