Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu: wageni wa Tukuyu waanzie wapi?

Ndugu wakija Tukuyu, mkoani Mbeya, kutoka Dar, vivutio viwili hugombaniwa. Ziwa Ngozi limo ndani ya kreta ya volkeno na halina mto unaotoka. Kulifikia mnapanda kwa miguu msituni, saa nzima au zaidi, mkikanyaga mizizi na tope. Ukingoni mnaliona chini kabisa, la kijani, ukungu ukikubali. Lina hadithi nyingi za wazee. Mwombeni mwongoza njia azisimulie mkipumzika. Vijana watafurahi. Mama mkubwa mwenye magoti mabovu abaki nyumbani, hata akisisitiza (na atasisitiza).

Daraja la Mungu liko mto Kiwira, na gari linafika karibu. Ni daraja la mwamba la asili: lava ya volkeno iliganda juu, maji yakaendelea kupita chini. Mnatazama, mnapiga picha, basi. Ndiyo maana ni vizuri kuongeza Kijungu, si mbali, ambako mto unajizungusha kwenye shimo la mwamba. Watoto washikwe mikono, mawe yanateleza.

Familia ikiwa na wazee na watoto, mimi nachagua Kiwira. Ngozi nawapeleka wenye miguu, kiangazi, asubuhi na mapema.