Eastleigh: hukukosea hoteli, umekosea saa

Nanunua mapazia ya kwenda kuuza Eastleigh, mtaa wa Nairobi tunaouita pia Islii, karibu kila wiki, na huu ni mwaka wa tisa. Miaka mitatu ya kwanza nilikula vibaya. Nilikuwa nabishania bei, nafunga mzigo, halafu saa tisa alasiri naingia hoteli yoyote iliyo karibu. Naletewa wali mkavu wa ukingoni mwa sufuria na nyama iliyobaki mifupa. Nikaamua kwamba sifa za chakula cha Islii ni porojo tu.

Siku moja nikamlalamikia mama ninayenunua kwake. Alicheka hadi akaketi juu ya marobota. "Abaayo," akasema, yaani dada kwa Kisomali, "hukukosea hoteli. Umekosea saa."

Sasa nikienda, natazama saa kwanza, njaa baadaye.

Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, ni zamu ya anjera. Wasomali huiandika canjeero. Fikiria chapati ya maji iliyo laini zaidi, yenye matundu upande mmoja tu, na ukakasi kidogo kwa sababu unga umelala usiku kucha ukachachuka. Wengine huimwagia mafuta ya simsim na sukari, kisha chai juu yake, wakala ikiwa imelowa. Nimejaribu, sijazoea. Mimi huagiza ya maini: yamekatwa vipande vidogo, yamekaangwa na vitunguu na hoho, na hayajakaa motoni hadi yakawa soli ya kiatu. Fika saa nne uone tofauti. Maini yaliyopashwa moto mara ya pili hayasameheki.

Chai yenyewe ina iliki, tangawizi na mdalasini, na ukitaka watakutilia maziwa ya ngamia. Mengi huja na mabasi kutoka Isiolo, biashara iliyo mikononi mwa akina mama. Vyombo vyake hufukizwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike haraka, ndiyo maana kikombe changu cha kwanza nilikirudisha nikidhani chai imeungua. Weita alinivumilia. Tahadhari moja: kama hujawahi kuyanywa, usimalize bilauri nzima yakiwa mabichi halafu upande matatu ya mbali. Tumbo litakuaibisha.

Mchana sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi za watu hupotea.

Wali wa Kisomali, bariis, unapaswa kukutwa ukitoka jikoni, na wakati huo ni saa sita na nusu hivi. Una bizari yao wanayoiita xawaash: jira, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini, manjano, kila jiko na vipimo vyake. Si pilau yetu ya Pwani, usiufananishe. Rangi yake ni ya kung'aa, na harufu ya iliki hutangulia. Juu yake huwekwa nyama ya mbuzi, hilib ari, iliyochemshwa ikalainika kisha ikaokwa hadi ngozi ya juu ikawa kahawia. Ukiwa na bahati, mfupa unaachia nyama kwa vidole viwili. Kabla ya hapo, hoteli nyingi hukuletea supu na ndimu bila kuuliza. Inywe.

Ndizi mbivu inayokuja pembeni si ya baadaye. Mimi ya kwanza niliitia mkobani nimpelekee mtoto, na jirani yangu wa meza akaniangalia kama mtu aliyeiba kijiko. Inakatwa, inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Utamu wake unatuliza basbaas, ile pilipili ya kijani ya kusaga yenye dhania na ndimu. Sikuamini mpaka nilipojaribu, na sasa nyumbani nala pilau kwa ndizi na familia yangu wanadhani najidai.

Kuna pia baasto, yaani spageti, waliyoachiwa Wasomali na Waitaliano waliotawala kusini mwa nchi yao. Naiheshimu historia, lakini kwa ulimi wangu Islii wanaipika ikalainika kupita kiasi. Ukishindwa kuchagua, waambie wachanganye nusu wali nusu baasto. Nusu ya wali ndiyo nitakayomaliza.

Ijumaa ni somo lake. Wakati wa swala ya mchana maduka hufungwa, jikoni wapishi huondoka, na wewe uliyefika saa saba kasorobo utakaa kwenye benchi ukihesabu mikokoteni. Wakitoka msikitini hoteli hujaa mara moja. Ama uwe umekwisha kula, ama usubiri hadi saa nane na nusu, na hapo tayari ule wali mzuri umewahiwa.

Kwa akina dada: hoteli kadhaa zina sehemu ya familia, mara nyingi ghorofani au nyuma ya pazia. Hakuna anayekulazimisha kwenda huko, ila mimi hupapenda kwa sababu pana nafasi ya kuweka mizigo. Pombe na nguruwe usiulize. Chakula huliwa kwa mkono, kijiko ukitaka utapewa, na malipo ni ya M-Pesa kama kawaida.

Lalamiko langu kubwa ni la ghorofani kwenye hoteli moja karibu na First Avenue ambayo sitaitaja. Niliagiza sahani ya mtu mmoja. Likaja sinia, na mezani tayari kulikuwa na juisi, chupa mbili za maji na bakuli la saladi. Nikadhani ni ukarimu, kama supu na ndizi. Bili ilipokuja, kila kitu kilikuwa kimeandikwa, sinia likihesabiwa la watu wawili. Nilibishana hadi sinia likashushwa kuwa sahani, lakini juisi nililipa kwa sababu nilikuwa nimeifungua. Siku hizi nikiketi tu namwambia weita aondoe chupa zote mezani. Hawakasiriki.

Hadi hapa unaweza kudhani Eastleigh ni ya Wasomali peke yao. Jina la "Mogadishu Ndogo" linadanganya hivyo, na mimi lilininyima injera ya Kiethiopia kwa miaka mingi. Ni kweli, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 ndipo nyumba ya wageni ya Garissa Lodge iligeuka vyumba vya maduka na mtaa ukabadilika sura. Lakini Waoromo na Waethiopia wengine wako hapa pia, na saa yao ni alasiri, ile ile saa tisa iliyokuwa ikinitesa.

Injera yao ni pana, ya kijivu, imechachuka siku mbili tatu, na asili yake ni teff, nafaka ndogo kuliko hata wimbi. Nenda Jumatano au Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku hizo, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, hivyo jikoni nguvu zote huenda kwenye dengu, sukuma, kabichi, viazisukari na shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa njegere. Wanavipanga vyote juu ya injera moja na kuviita beyaynetu. Mimi ni mlaji wa nyama, sijifichi, lakini sahani hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizokula Islii. Hiyo ndiyo ninayowapelekea wageni.

Halafu usiondoke. Agiza buna. Kahawa inakaangwa mbele yako, kikaango kinapitishwa ili unuse moshi, inatwangwa, inachemshwa kwenye birika la udongo na kumiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Raundi ni tatu: abol, tona, na ya mwisho baraka, neno ambalo halikuhitaji mkalimani. Inachukua muda. Ukiwa na haraka nenda kanywe chai.

Kwenye maduka makubwa mapya kuna kuku wa kukaanga na piza kama kwingineko. Sina la kusema.

Jioni magenge huamka. Upande wa Juja Road utapata chapati ndengu, githeri, mayai na kachumbari, na karai za bhajia na viazi vilivyovikwa unga wa manjano. Wahindi walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo mtaa ulipoanzishwa 1921; wengi walishahama, karai ikabaki. Viazi vyangu nataka vitoke kwenye mafuta nikiviangalia, na ukwaju uwe wa leo. Vikiwa vimerundikwa kwenye kioo tangu mchana, napita.

Cha kubeba nyumbani ni nyirinyiri: nyama iliyokatwa vipande vidogo kabisa, ikakaangwa hadi maji yakaisha, ikahifadhiwa ndani ya samli. Muuzaji aliniapia kwamba itakaa miezi bila friji. Huenda. Kopo langu la kilo moja lilifika nyumbani Jumanne, Alhamisi nikamkuta mume wangu akilifuta kwa chapati.